Mashine Husema Metali, Haisemi Dhahabu

Mazungumzo na wachimbaji wadogo, wafugaji na wananchi wa mpaka wa Karamoja, Turkana na Pokot



Leo hatukuja kumsaka mtu wala kukamata chombo cha mtu. Tumekuja kuzungumza juu ya kitambuzi cha metali, ambacho vijana wetu hukiita ditekta, au mashine tu. Wapo waliokinunua kwa fedha za ng'ombe. Wapo waliokikodi kwa ahadi ya kugawana. Wapo wanaojiandaa kukinunua kwa sababu wamesikia jirani amepata.

Neno letu kuu ni moja. Mashine hii inajua kusema kitu kimoja tu, kwamba chini ya ardhi pana metali. Haisemi metali hiyo ni nini. Haisemi ni ya nani. Haisemi iko upande gani wa mpaka. Mambo hayo matatu amebakiziwa binadamu, na humo ndimo inamotoka riziki au msiba.

Chombo chenyewe

Tuanze na chombo, maana asiyekijua chombo chake hutumwa nacho. Lile duara lililo mwisho wa mpini lina nyaya zilizozungushwa, na huitwa koili. Umeme wa betri ukipita katika nyaya hizo, hutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini na kugeuka maelfu ya mara kwa sekunde moja. Nguvu hiyo ikikutana na metali, iwe dhahabu, shaba, risasi au msumari, metali hujibu kwa nguvu ndogo ya kwake, na mashine huligeuza jibu hilo kuwa sauti. Hakuna uchawi zaidi ya hapo.

Mashine za kuanzia, zile zinazouzwa kwa dola mia chache za Marekani, hazilingani. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya kutafuta sarafu, na nguvu yake hugeuka chini ya mara 20,000 kwa sekunde. Zile zilizokusudiwa dhahabu ndogo hufika mara 40,000 na kuzidi. Kadiri mageuzi yanavyokuwa mengi, ndivyo mashine inavyosikia punje ndogo zaidi, lakini ndivyo pia inavyosumbuliwa zaidi na udongo wenye chuma. Na udongo wetu mwekundu, mawe yetu meusi na mchanga mweusi unaobaki chini ya karai, vyote vina chuma. Ndiyo sababu mtu akiwasha mashine kwa mara ya kwanza husikia kelele kila mahali na kudhani amekanyaga hazina. Hana budi kwanza kuisawazisha na udongo. Atafute mahali pasipo na metali, aishushe na kuiinua koili mara kadhaa huku akifuata maelekezo ya mashine yake, mpaka itulie. Akihamia penye udongo wa rangi nyingine, aisawazishe tena.

Tena tusidanganyane juu ya kina. Punje ya nusu gramu, yaani pointi tano kwa lugha ya mizani, mashine ya aina hii huisikia kwa sentimita chache tu, mara nyingi zisizozidi kumi. Dhahabu iliyo kama vumbi, ile ambayo mama zetu huiosha kwa subira mchana kutwa, haiisikii kabisa. Kwa hiyo mashine haikuja kuchukua mahali pa karai. Anayeuza ng'ombe wake wa mwisho kwa kudhani hataosha mchanga tena, amefanya biashara mbaya.

Namna ya kuitafuta punje

Dhahabu ni nzito mno. Uzito wake ni mara 19 ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Mafuriko ya mvua yakiipeleka, huwa ya kwanza kuanguka pale maji yanapopunguza nguvu: upande wa ndani wa kona ya mto mkavu, nyuma ya jiwe kubwa, katika nyufa za mwamba ulio chini ya mchanga. Na pale inapomomonyoka kutoka kwenye mwamba wa mlimani, hubaki chini ya mteremko, si mbali sana na ilipozaliwa. Huko ndiko kwa kutafuta, wala si katikati ya njia ya soko ambako kila hatua ina kifuniko cha soda.

Kwa kuwa kina ni kifupi, kazi yote ni ya ukaribu na utulivu. Koili ipite karibu sana na ardhi bila kuigonga. Ipite polepole, na kila mpito ufunike nusu ya mpito uliotangulia. Nyasi na vijiwe viondolewe kwanza, kwa sababu kila kimo kinachoinua koili kinapotea kwenye kina. Sauti ya punje ndogo ni fupi na nyororo, na hurudia mahali palepale koili ikipita kutoka kulia na kutoka kushoto. Sauti inayotokea mara moja na kutoweka mara nyingi ni udongo au jiwe la chuma.

Ukipata sauti inayorudia, usipige sururu. Kwangua tabaka jembamba la udongo kwa kijiko cha mti au cha plastiki, kisha sikiliza tena. Sauti ikihama, kitu kimo katika udongo ulioutoa. Weka udongo huo katika bakuli la plastiki, ugawanye nusu mbili, pitisha kila nusu juu ya koili, tupa isiyolia, na uendelee kugawanya mpaka kibaki kiganja kimoja. Sumaku ndogo itakuondolea vipande vya chuma, kwani dhahabu haishiki sumaku. Na ukiwa na shaka juu ya kinachong'aa, kigonge kwa nyundo juu ya jiwe. Dhahabu hubapa. Ile ya wajinga huvunjika ikawa unga.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Atakayetumia mashine hii atainama mara nyingi kwa ajili ya misumari, nyaya, vifuniko vya chupa na maganda ya risasi kabla hajainama kwa ajili ya dhahabu.

Sauti kubwa si dhahabu kubwa

Maganda ya risasi yanatufikisha kwenye jambo lililotuleta hapa.

Wazee wetu wanaikumbuka historia ya ardhi hii kuliko sisi. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala la silaha katika kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki na risasi zikasambaa katika maboma na milima. Zikafuata kampeni za kunyang'anya silaha, mwaka 2001, tena mwaka 2006, na tena kuanzia mwaka 2021. Silaha nyingi zilirejeshwa. Lakini katika miaka yote hiyo, vitu viliangushwa vitani, vingine vilifichwa na waliovificha wakafa, vingine vilirushwa visilipuke. Vimo ardhini. Kutu haiondoi hatari yake, na huenda ikaizidisha.

Mashine hailii tofauti kwa ajili ya guruneti. Italia kwa furaha ileile, na pengine kwa sauti kubwa zaidi, maana chuma kikubwa hulia kuliko punje ndogo. Kijana aliyetembea siku tatu bila kupata kitu, akisikia mlio mpana na mzito, moyo humruka na mkono huenda kwenye sururu. Hapo ndipo tamaa huwa mbele na mauti nyuma.

Tunawaomba mlishike jaribio hili na kulifundisha nyumbani. Mkisikia sauti nzito, iinueni koili polepole mpaka usawa wa goti. Punje ndogo hunyamaza upesi koili ikiinuka. Kama sauti bado ipo kwenye goti, kilichomo ni kikubwa. Dhahabu ya ukubwa huo ni adimu kuliko adimu, lakini chuma cha ukubwa huo ni kingi. Hapo acheni kuchimba. Na hata sauti ndogo isiwatoe katika desturi ya kukwangua taratibu, kwa sababu vitu vidogo pia vyaweza kuwa na baruti, na jaribio la goti halimhakikishii mtu usalama wake.

Kikionekana kitu chenye umbo lililotengenezwa na binadamu, chenye mapezi, pete, uzi wa skrubu au mwili wa mviringo, msikiguse, msikisogeze, msikichome moto, msikitupie jiwe. Zimeni mashine. Rudini nyuma kwa kukanyaga nyayo zenu wenyewe. Wekeni alama ya matawi au mawe mkiwa mbali. Mmoja abaki kuzuia watoto na mifugo, mwingine aende kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa chifu, au kituo chochote cha polisi. Simu ya dharura ni 999 au 112, Uganda na Kenya pia.

Tunajua kinachowazuia wengine. Mtu hujiuliza, nikipeleka habari, si wataniuliza nilikuwa natafuta nini na leseni yangu iko wapi? Tunalisema mbele ya wazee hawa ili lishuhudiwe: aletaye habari ya bomu ni mwenzetu katika kuokoa watu, na tunampokea hivyo. Mambo ya leseni yana siku yake na mlango wake.

Na wale wanaokusanya vyuma chakavu wasikie pia. Kitu cha namna hiyo hakipimwi kwa kilo. Mtoto anayekibeba kwenda kukiuza ameubeba msiba wa nyumba nzima.

Iliyo ardhini ni ya nani

Sasa tuingie katika jambo la pili ambalo mashine haisemi.

Katika Uganda, Katiba, kifungu cha 244, inaweka madini yote chini ya mamlaka ya Serikali kwa niaba ya Jamhuri. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inayahesabu madini yote kuwa mali ya umma. Maana yake ni kwamba kumiliki ardhi si kumiliki dhahabu iliyomo. Lakini kinyume chake nacho ni kweli: kuwa na leseni ya madini hakumpi mtu ruhusa ya kuingia katika shamba, malisho au makaburi ya watu bila kuzungumza nao. Ardhi kubwa ya huku ni ya ukoo na ya jamii. Kabla ya kuwasha mashine, onaneni na wazee wenye mahali.

Kutembea na mashine huku ukitafuta madini, hata kabla hujachimba shimo moja, kisheria ni utafutaji, na utafutaji unahitaji kibali. Upande wa Uganda, Sheria ya Madini ya mwaka 2022 imemfungulia mlango mchimbaji mdogo, ambaye zamani hakutajwa kwa jina. Ipo leseni ya uchimbaji wa mikono na ipo ya uchimbaji mdogo, na hutolewa na Wizara ya Nishati na Maendeleo ya Madini. Upande wa Kenya, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliweka kibali cha mchimbaji mdogo na kamati katika kila kaunti ya kushughulikia maombi hayo. Tunawashauri vijana wajiunge katika vikundi. Safari moja ya kikundi kwenda ofisi ya madini ni nafuu kuliko safari kumi za mtu mmoja mmoja kwenda mahakamani.

Upande gani wa mpaka

Mpaka wetu hauna ukuta. Mto mkavu unaoanza kwa jirani mmoja huishia kwa mwingine, na anayetazama koili hatazami mlima. Mtu aweza kuvuka bila kujua. Ndugu zetu, kitambulisho cha taifa kinamruhusu mwananchi wa Kenya au wa Uganda kuvuka kihalali kwa kupitia vituo vilivyowekwa, na tunaufurahia ujirani huo. Lakini ruhusa ya kuvuka si ruhusa ya kuchimba. Vibali vya uchimbaji wa mikono, huku na kule, ni kwa raia wa nchi husika. Vilevile dhahabu haivuki mfukoni. Huuzwa kwa mnunuzi mwenye leseni na hutolewa nchini kwa kibali.

Lipo jambo lililo zito kuliko kibali. Machi mwaka 2022, wanajiolojia watatu wa serikali na askari wawili waliokuwa wakiwalinda waliuawa hapa wilayani Moroto, wakiwa katika kazi ya kuchora ramani ya madini. Waliondoka nyumbani na vyombo vya kupimia mawe, hawakurudi. Tunawataja kwa heshima, na kwa sababu msiba ule unatufundisha kwamba katika nchi yenye majeraha ya wizi wa mifugo, mgeni anayetembea porini na chombo begani yumo hatarini, na wakati mwingine yeye mwenyewe huwatia wengine hofu. Kwa mbali, mpini wa mashine waweza kudhaniwa bunduki.

Kwa hiyo msiende usiku. Msiende mmoja mmoja. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji au chifu mnakokwenda na siku ya kurudi. Na aliyeweka vipokea sauti masikioni awe na mwenzake aliye wazi masikio na macho, maana anayesikiliza ardhi haisikii miguu ya ng'ombe, wala nyoka, wala mtu anayemwita.

Mababa wa Wamatheniko na Waturukana walikutana Lokiriama mwaka 1973 wakafanya amani, na silaha zikazikwa ardhini kuwa ishara. Amani ile bado inakumbukwa kila mwaka. Itakuwa aibu kwetu ikiwa tulichozikiwa na mababa kwa ajili ya amani kitafuatwa na ugomvi juu ya tunachokichimbua.

Wanaouza upepo

Penye dhahabu hapakosi matapeli. Wapo wanaouza kijiti chenye antena wakidai kinaonyesha dhahabu iliyo mita mia moja mbali, au kina cha mita kumi, bila kusikika sauti yoyote. Hakuna chombo cha namna hiyo cha kushikwa mkononi. Walidanganywa hata wakubwa. Mfanyabiashara wa Uingereza, James McCormick, aliziuzia serikali, Irak ikiwemo, vijiti vya antena akisema vinatambua mabomu. Vilitokana na kifaa cha mzaha cha kutafutia mipira ya gofu, na ndani havikuwa na kitu kinachofanya kazi. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga miaka 10. Kabla ya kulipa, weka sarafu chini ya udongo, muuzaji asijue ilipo, mwambie aitafute mbele yako. Mkweli hatakataa.

Jihadharini pia na mtu anayewaonyesha kipande alichokipata jana na kuwauzia kwa haraka kwa sababu mama yake ni mgonjwa. Shaba nyeupe na ya njano hung'aa vizuri sana jioni. Pimeni mchana, kwa mizani mnayoiamini, mbele ya mashahidi.

Makubaliano na mashimo

Ugomvi mwingi wa uchimbaji hauanzi siku ya kukosa, huanza siku ya kupata. Mwenye mashine anasema ni yangu, aliyechimba anasema ni mkono wangu, mwenye malisho anasema ni ardhi yangu. Wote wana haki kiasi, na hawakupatana mapema. Patanani kabla ya mashine kuwashwa: nani ana sehemu ngapi, nani atapima, nani atauza, betri ni za nani. Andikeni, na mwenyekiti wa kijiji atie sahihi. Karatasi moja yaweza kuokoa undugu wa miaka mingi.

Na kila shimo, hata la kina cha kiganja, lifukiwe siku hiyohiyo. Mguu wa ndama huvunjika katika shimo dogo, na mvua ikinyesha, shimo kubwa humeza mtoto. Watoto wasiende kuchimba. Mahali pao ni shuleni. Zebaki isitumike jikoni wala karibu na maji, kwa maana moshi wake ni sumu, na mataifa yameshakubaliana katika Mkataba wa Minamata kuikomesha kidogo kidogo.

Neno la mwisho

Ndugu zetu, hatupingi riziki yenu. Tunaitaka ifike nyumbani, nanyi mfike nayo. Mashine ikilia, jiulizeni maswali matatu kabla ya kuinama: ni nini, ni ya nani, na ni upande gani? Mkikosa jibu la mojawapo, simameni na muulize mwenyekiti, chifu, ofisi ya madini, au sisi. Milango yetu iko wazi, na anayekuja kuuliza hahitaji barua.

Amani iwe nanyi, pande zote mbili za mpaka.